Siku Niliyojitafuta Nisijione

Sifa zote ni zako, ee Mungu Mwenyezi, usiyehitaji daftari ili umkumbuke mtu. Nakushukuru kwa macho ambayo bado yanasoma, kwa miguu ambayo bado inanifikisha kanisani, na kwa wanafunzi watatu ulioniletea uzeeni, wakati nilipodhani kazi yangu imekwisha. Ninayotaka kusimulia ni habari yao, na kosa nililowafundisha mimi mwenyewe.

Mimi ni katekista mstaafu. Naishi Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, pale nyumba za bati zinapoanza kuyapisha mashamba ya mahindi na karanga. Ujanani nilisomea kazi hiyo miaka miwili katika shule ya makatekista, kisha nikatumwa Ulyankulu. Nilikaa huko miaka mingi nikiwafundisha dini watoto wa wakulima wa tumbaku, wengi wao wenye asili ya Burundi. Nilipostaafu nikarudi mjini, na paroko akaniita ofisini kwake akanikabidhi ufunguo wa kabati.

"Mzee," aliniambia, "watu wanasafiri kutoka Usoke, wengine kutoka Igunga, wanakuja kutafuta vyeti vya ubatizo ili wafunge ndoa. Mimi naweza kupekua siku nzima nisimwone mtu. Wewe unavijua hivi vitabu. Nisaidie."

Ndani ya kabati hilo mna vitabu vinne vikubwa vya ubatizo. Cha kwanza kimeliwa na mchwa pembeni. Hicho na sehemu kubwa ya cha pili viliandikwa kwa Kilatini na mapadri wa zamani, kwa wino ambao sasa umekuwa na rangi ya kutu. Kilatini changu ni cha mtoto aliyetumikia Misa za zamani, lakini maneno ya kitabu cha ubatizo ni machache na yanajirudia: mtoto wa fulani na fulani, amezaliwa siku fulani, amebatizwa siku fulani. Kitabu cha kwanza kinaanza enzi ambazo misafara ilikuwa bado inapita hapa kwenda na kurudi pwani. Barabara ninayoifuata kwenda kanisani ni ile ile waliyopita wapagazi na mizigo yao. Leo inapita pikipiki na malori ya tumbaku, na sisi wenyewe tunapita bila kufikiri.

Mwaka juzi, mvua za masika zilipokatika, walikuja ofisini vijana watatu kutoka chuo kimoja cha hapa mjini. Walikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya kompyuta. Chuo kiliagiza kila kikundi kitafute mtu au taasisi yenye shida ya kweli, kisha kitengeneze mfumo wa kuiondoa shida hiyo. Mwenye shida walimwita mteja. Paroko akacheka akasema, "Mteja wenu ni huyu mzee hapa." Basi mimi, ambaye simu yangu ni ya vitufe, nikawa mteja.

Kiongozi wao alikuwa kijana wa Dar es Salaam, Mwislamu, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Wa pili alikuwa kijana mkimya wa Igunga, mtoto wa wafugaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa yaliyomo vitabuni. Wa tatu alikuwa binti wa Ulyankulu. Huyo ndiye aliyeandika mfumo wenyewe, yaani zile kanuni zinazoiambia kompyuta ikubali nini na ikatae nini.

Binti huyo aliponitajia jina lake siku ya kwanza, nilimwambia, "Kwenu kuna mapacha, na wewe ndiye uliyewafuata."

Alinikodolea macho. "Babu, umejuaje?"

"Nimekula ugali wa muhogo wa kwenu miaka mingi. Jina lako linasema."

Kirundi kina jina la pacha wa kwanza, jina la pacha wa pili, na jina la mtoto anayezaliwa baada yao. Sisi Wanyamwezi nasi tunayo yetu, na Wasukuma vilevile. Mtu wa huku akilisikia jina tu anajua mwenye jina alitanguliwa na nani. Mimi mwenyewe nilizaliwa pacha, nikawa wa pili. Mwenzangu alifariki kwa surua tukiwa wadogo mno, hata sura yake siikumbuki. Ninachokumbuka ni mama. Mpaka nilipokuwa kijana wa kubalehe, aliendelea kunipa vitu viwiliviwili, mahindi mawili ya kuchoma, viazi viwili, na kila mara alisema, "Hiki cha mwenzako." Nilikuwa nakula vyote viwili.

Siku chache baadaye nikaja kujua binti yule alikuwa amebeba nini moyoni. Tulikuwa tunasubiri umeme urudi, akaniambia, "Babu, niombee. Huu mradi ukianguka, mimi nadisko."

"Ndiyo nini hiyo?"

Kijana wa Dar akadakia. "Kudisko ni kufukuzwa chuo, mzee. Unabeba begi lako unarudi nyumbani. Mwenzetu alishafeli mara moja, mwaka huu anaurudia. Akianguka tena, kwaheri."

"Na nyumbani napajua," binti akasema. "Ni kwenye bani, kukausha tumbaku kwa moshi mpaka macho yawe kama ya mlevi. Moshi naweza kuuvumilia. Ila baba amesema nikirudi mikono mitupu, mdogo wangu wa kike haendi sekondari. Anasema ameshajaribu kwa mmoja, inatosha."

Nilimwambia nitamweka katika sala zangu za asubuhi, na nilimweka.

Kazi ikaanza. Paroko ana masharti mawili: vitabu havitoki nje ya ofisi, na ofisi inafungwa kengele ya jioni ikilia. Basi walikuja mchana baada ya vipindi vyao. Mwanzoni nilikuwa nasoma kwa sauti na kijana wa Igunga anachapa. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshazoea mpangilio, akawa anajisomea mwenyewe.

Mchana mmoja kiongozi wao alikuwa anapitia orodha, akapiga meza. "Mzee! Huyu bwana alikuwa hatari. Ana watoto kuliko mtu yeyote kwenye kitabu cha kwanza, na wengine kawabatiza siku moja!"

Niliinama nitazame. Katika sehemu ya jina la baba kulikuwa na neno moja la Kilatini, limerudiwa mstari baada ya mstari.

"Hilo si jina la mtu," nikamwambia. "Maana yake ni kwamba baba hajulikani. Hawa ni watu walioachwa hapa na misafara. Wengine waliugua njiani wakaachwa, wengine walikuwa watumwa wakakombolewa wakiwa watoto. Padri aliwauliza wazazi wao ni nani, hawakuwa na la kumjibu."

Kicheko kilimkauka. "Samahani, mzee."

Nikamwambia asijali, kwa maana hakujua. Wakalifuta lile neno, sehemu ya baba na mama wakaiacha wazi.

Taabu yetu kubwa ilikuwa umeme. Kompyuta waliyochapia, ile ndogo ya kukunja, betri yake ilikuwa imekufa, hivyo umeme ukikatika nayo inazima papo hapo. Ukirudi, kijana wa Igunga hakukumbuka aliishia wapi, akawa anarudia mistari. Watu wakaanza kuonekana mara mbili katika orodha, tena kwa majina yaliyopishana kidogo, kwa sababu mwandiko wa zamani aliusoma hivi leo na vile kesho.

"Oya, mwanangu," kijana wa Dar akamtania, "unabatiza watu mara mbili! Mimi Mwislamu, lakini hata mimi nimeshajua ubatizo ni mara moja tu. Kwenu huko ng'ombe mia mnawajua kwa sura, huku watu wa karatasi wamekushinda?"

Tulicheka, na mimi nikiwamo. Kijana wa Igunga alitabasamu akainamisha kichwa. Binti hakucheka. Alisema ataandika kanuni ya kumsaidia mwenzake, ili mtu akirudiwa kompyuta ikatae. Kisha akanigeukia mimi.

"Babu, nitajuaje kwamba mistari miwili ni mtu mmoja? Majina yenyewe hayafanani."

Nami, kwa uhakika wa mtu aliyeshika vitabu hivyo miaka yote, nikamjibu, "Majina usiyaamini. Kila padri aliandika alivyosikia. Tazama tarehe ya kuzaliwa, baba, na mama. Vikilingana vyote vitatu, huyo ni mtu mmoja. Kama tarehe ya kuzaliwa haipo, tumia ya kubatizwa."

Aliandika maneno hayo kwenye daftari lake neno kwa neno, na akaiandika kanuni kama nilivyosema. Orodha iliyokwisha kuchafuka wakaifuta yote, wakaanza kuchapa upya tangu kitabu cha kwanza. Tangu siku hiyo kijana wa Igunga akirudia mstari, kompyuta ilimwambia, "Taarifa hii ipo tayari," naye anaendelea mbele. Kazi ikaenda kasi. Niliwaambia tusimame tumshukuru Mungu, tukasimama, Wakristo tukasali na Mwislamu akainua viganja vyake. Namshukuru Mungu kwamba huyapokea pia maombi ya watu wasiojua wanachokishukuru.

Wiki zikaenda. Siku ya kuwasilisha mradi mbele ya walimu ilipangwa kuwa Jumatatu. Jumamosi ya kabla yake, asubuhi, walikuja na fomu. Chuo kilitaka mteja aandike kwamba ameujaribu mfumo, amewaona watu wake wote wamo, na ameridhika. Fomu isipokuwa na saini ya mteja, mradi haupokelewi.

"Leo ni saini yako tu, mzee," kijana wa Dar akasema, akaniwekea kalamu mkononi.

"Ngoja kwanza nijaribu, kama fomu inavyosema," nikajibu. Kusema kweli haikuwa mashaka. Nilitaka tu kuona watu wa kwetu wanavyoonekana juu ya kioo. "Nitafutie watoto wa baba yangu."

Nilimtajia jina, binti akaliandika. Orodha ikashuka. Dada zangu wawili wakubwa walikuwamo. Halafu jina la pacha wa kwanza. Halafu yule mdogo wetu aliyetufuata. Basi.

"Huyu ni nani, babu?" binti akauliza, kidole kikiwa juu ya jina la pacha.

"Ndugu yangu. Alishafariki utotoni."

"Na wewe uko wapi?"

Nilivaa miwani vizuri nikasoma tena. Katika maisha yangu yote, mwenzangu ndiye asiyekuwapo, na mimi ndiye niliyepo. Asubuhi ile, kwa dakika chache, tulikuwa tumebadilishana nafasi. Yeye alikuwa pale, na jina lake, baba na mama yake, siku yake ya kuzaliwa. Mimi sikuwapo. Sijui kama nilihuzunika au nilifurahi kumwona. Nadhani yote mawili.

Binti alijishika mdomo. "Tarehe moja," akasema polepole. "Baba mmoja. Mama mmoja. Yesu wangu, tumewakataa mapacha wote!"

Kijana wa Igunga, ambaye kwa siku nzima angeweza kusema maneno matano, akasema, "Mimi ndiye niliyechapa ukurasa ule. Kompyuta ilikataa. Nikadhani nimerudia tena. Na mimi kwetu nina wadogo mapacha, mzee. Sijui akili yangu ilikuwa wapi."

"Kwa nini hukusema?" kiongozi akamuuliza.

"Mngenicheka."

Hakuna aliyebisha. Tulikuwa kweli tumemcheka.

Fomu ilikuwa bado mezani na kalamu bado mkononi mwangu. Kijana wa Dar akavuta kiti karibu nami, akashusha sauti. "Mzee, tufanye hivi. Wewe saini. Jumatatu walimu watatafuta jina moja, mawili, hawatagundua kitu. Tukishapita, wallahi, tunarudi hapa hapa tunarekebisha yote. Usipotia saini, unajua nani anaumia."

Hakuwa kijana mbaya. Yeye mwenyewe angeweza kufanya mtihani wa marudio na kuendelea na maisha yake. Aliyemwombea ni mwenzake. Nilimtazama binti. Hakuniomba chochote. Alikuwa anaitazama ile kalamu.

Nilikuwa na neno moja tu la kujiuliza. Atakuja mtu kutoka Usoke, pacha wa pili, na mchumba wake, na tarehe ya harusi imeshatangazwa. Paroko atamtafuta kwenye mfumo, atamwambia hayumo. Vitabu vitakuwa vimeshafungiwa kabatini, na mimi pengine nitakuwa nimeshazikwa.

"Siwezi kuandika kwamba watu wote wamo," nikawaambia, "wakati mimi mwenyewe simo."

Kijana wa Dar akacheka bila kutaka.

"Lakini pia siwaachi," nikaendelea. "Kanuni hii imetoka kinywani mwangu. Tuna leo mpaka kengele, na kesho baada ya Misa. Tukae tuwatafute."

Binti kwanza aliifuta ile kanuni. Kisha akakaa ameshika kichwa. Kuvisoma upya vitabu vinne kwa siku mbili kusingewezekana, na kompyuta haikuweka kumbukumbu ya wale iliowakataa. Halafu akainua uso.

"Babu, siku ile ya kwanza ulinijuaje?"

"Kwa jina lako."

"Basi na wao tutawajua kwa majina yao."

Nikamtajia majina ya mapacha kwa Kinyamwezi na Kisukuma, yeye akaongeza ya Kirundi, na majina ya wale wanaofuata. Kompyuta ikatupa orodha. Kila pacha wa kwanza asiyekuwa na mwenzake, tukaufungua ukurasa wake katika kitabu, na hapo chini yake, mstari unaofuata, alikuwapo yule tuliyemkosa. Mapacha wengine padri aliwaandika kwa majina ya watakatifu tu. Hao tuliwapata kwa mdogo wao aliyewafuata, maana jina lake lilisema kwamba kabla yake walizaliwa wawili. Majina niliyomwambia binti asiyaamini ndiyo yaliyotuongoza.

Jumapili baada ya Misa tuliendelea. Mama mmoja wa jumuiya yetu alituletea sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikakauka. Kijana wa Dar alikitazama kimoja, akakigonga mezani. "Hiki ni chakula au gome?" Kijana wa Igunga akamjibu, "Acha, utuachie." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimrudishia mwenzake utani. Tangu Jumamosi alikuwa amebadilika. Ilibainika ana kumbukumbu ya ajabu: ule ukurasa wenye doa la chai kompyuta ilikataa mara mbili, ule wenye tundu la mchwa ilikataa mara moja. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Yeye ndiye aliyesema, mchana ule, "Mzee, kwenye kitabu cha kwanza ilikataa sana. Ilikataa karibu ukurasa mzima."

Nilijua kabla hajafungua. Walikuwa wale wa misafara. Wamebatizwa siku moja, tarehe ya kuzaliwa haipo, sehemu ya baba tupu, sehemu ya mama tupu. Kwa kanuni yangu wote walikuwa mtu mmoja. Kompyuta ilimpokea wa kwanza na kuwarudisha wengine wote.

Hapa majina hayakutusaidia. Hakukuwa na pacha wala mtoto aliyefuata mapacha, ni majina ya watakatifu tu, kila mtu peke yake. Ilibidi kuwasoma mmoja mmoja. Nilisoma kwa sauti, taratibu, kijana wa Igunga akachapa, binti akahakikisha kila mmoja ameingia kabla sijataja anayefuata. Kijana wa Dar alikaa tu, mikono mapajani. Tulipomaliza akasema, "Hawa watu hawakuwa na baba wala mama, mzee. Halafu na sisi tena tukawakataa." Hakutania tena siku ile.

Kengele ya jioni ikalia tukiwa tumemaliza vitabu vitatu. Cha nne kilibaki. Paroko akaja na funguo zake, nasi tukasimama.

"Naandika kwenye ripoti," binti akasema tukiwa mlangoni. "Kosa lenyewe, na kwamba kitabu cha nne bado."

"Utajiangusha mwenyewe," kiongozi akamwambia.

"Nimeshaanguka mara moja, najua kunavyouma. Babu amekataa kutia saini uongo. Mimi nitausomaje mbele ya walimu?"

Jumatatu asubuhi nilivaa suti yangu ya sikukuu nikaenda nao chuoni. Kabla hawajaingia nilitia saini, na chini ya saini nikaandika kwa mkono wangu: vitabu vitatu tumevihakiki, cha nne bado, na kosa la awali lilitokana na maelekezo yangu.

Walimu walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja mkali, msimamizi wa miradi. Binti alieleza yote, na ukurasa wa kosa hakuuruka. Msimamizi akavua miwani.

"Kwa hiyo mfumo wenu ulikuwa unafuta watu."

"Ulikuwa unawakataa wasiingie, mwalimu."

"Nani aliandika kanuni hiyo?"

Binti akajibu, "Mimi."

Hapo kijana wa Igunga akasimama bila kuitwa. "Mimi ndiye niliyekuwa naona inakataa, mwalimu, nikanyamaza."

Kijana wa Dar naye akasimama. "Na mimi ndiye niliyekuwa namcheka. Ndiyo maana alinyamaza."

Nikaona nitabaki peke yangu. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Na mimi, mwalimu, ndiye niliyemwambia binti aandike hivyo."

"Mzee wangu, shikamoo," msimamizi akasema. "Mteja huwa halaumiwi."

"Marahaba, mwanangu. Basi andika kwamba huyu mteja wao analaumika."

Walimu wakacheka, hata yeye. Kisha akarudi kwa binti, akamuuliza, kama wangeambiwa waanze upya wangefanya nini.

"Ningemwomba babu ajitafute wiki ya kwanza, siyo siku ya mwisho. Halafu ningekaa na mwenzangu nimwone anavyochapa. Sisi kila mtu alifanya kipande chake, akadhani cha mwenzake ni sawa."

Walitoka nje kungoja, nami nikatoka nao. Tulisimama kwenye ukuta wenye jua. Nilisali rozari kimyakimya ndani ya mfuko wa koti, sala baada ya sala, kwa ajili ya mtoto wa watu. Walipoitwa, waliambiwa wana wiki mbili za kukimaliza kitabu cha nne, na kwamba matokeo yatategemea hicho. Walikimaliza kabla ya wiki mbili kwisha. Safari hii walikaa wote watatu mezani, wakipokezana kuchapa na kusoma.

Walipita. Hawakuwa wa kwanza, wala wa pili, lakini walipita wote watatu. Binti alikuja na habari hiyo ofisini mbio, akampigia baba yake Ulyankulu palepale mbele yangu, simu ikiwa na sauti ya nje.

"Baba, nimepita."

"Umepita kabisa?"

"Kabisa, baba."

Kwenye simu tukasikia kuku wa huko. Kisha mzee yule, ambaye sijawahi kumwona, akasema, "Basi mdogo wako atatafutiwa tranka la shule." Na simu ikakatika. Binti alikaa chini akalia, nasi tukamwacha alie.

Leo mfumo wao unafanya kazi katika ofisi ya paroko. Mtu akija kutoka Igunga anapata cheti chake kabla hajamaliza kunywa maji. Siku waliyokuja kuniaga, binti alitafuta tena watoto wa baba yangu. Tulikuwamo wote, ndugu yangu na chini yake mimi, mstari kwa mstari, kama padri alivyotuandika.

"Babu, nikuchapie cheti chako?"

"Chapa viwili," nikamwambia. "Kimoja cha mwenzangu."

Viko nyumbani Itetemia ndani ya kitabu changu cha sala, vimekunjwa pamoja.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie watu wa kukaa nawe mezani, watakaokuuliza unapokuwa kimya, na kusimama nawe unapoulizwa. Akurehemu kwa makosa uliyowafundisha wengine ukidhani unawasaidia, akupe muda wa kuyarekebisha. Na siku vitabu vyake vitakapofunguliwa, akukute umo, wewe na wote uliowapenda wakatangulia. Amina.